Safari ya Iringa Kutafuta Filta ya Trekta

Mwezi huu twende safari. Hatuendi mbali. Tunakwenda Iringa mjini kutafuta kitu kimoja kidogo. Ukikishika kinaenea mkononi. Bei yake kwa kawaida haifiki bei ya gunia moja la mahindi. Lakini kikikosekana trekta la kijiji halilimi. Na ukileta kisicho chake, trekta linaweza kufa kabisa.

Kitu hicho ni filta ya oili. Wengine huita chujio la oili. Jina hilo ni zuri, kwa sababu linasema kazi yake. Oili huzunguka ndani ya injini na kulainisha vyuma. Katika kuzunguka huko huchukua masizi, vumbi na chembe za chuma. Filta huzuia uchafu huo, na oili iliyochujwa huenda kwenye beringi. Ndani ya filta hakuna maajabu. Kuna karatasi ngumu iliyokunjwa kunjwa, kuna mpira, kuna springi na vali. Basi.

Nazungumza hasa nawe unayelima Isimani, kaskazini ya mji wa Iringa. Isimani na trekta ni marafiki wa zamani. Katika miaka ya 1950 na 1960 nchi hii ilijulikana kwa mashamba makubwa ya mahindi yaliyolimwa kwa trekta. Trekta limo hata katika habari ya huzuni ya tarehe 25 Desemba 1971, siku Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, alipouawa huko Mkungugu na mkulima Saidi Mwamwindi, ambaye alikuwa akilima shamba lake siku hiyo. Habari hiyo ni ndefu na leo siisimulii. Nataka tu ujue kwamba injini zilinguruma katika ardhi hii kabla ya wengi wetu kuzaliwa.

Mvua yetu ni moja kwa mwaka. Huanza mwishoni mwa Novemba au mwezi wa Desemba, na hukoma Aprili. Nayo ni mvua haba. Anayepanda na mvua za kwanza hupata mahindi. Anayechelewa wiki tatu hupata mabua. Kwa hiyo trekta la kikundi lina foleni ndefu, na kila kaya inahesabu siku zake.

Misimu michache iliyopita, katika kijiji kimoja ambacho sitataja jina lake, trekta la kikundi lilifungwa filta ya gari jingine. Filta ile iliingia. Ilikaa. Trekta lililima siku mbili vizuri sana, na watu wakasema mambo yako sawa. Siku ya tatu, katikati ya shamba la mama mmoja mjane, filta ililegea ikachomoka kwenye meno yake. Oili yote ikamwagika ardhini kwa muda mfupi. Dereva alikuwa amegeuka nyuma akitazama plau, kama madereva wote wa trekta wanavyofanya. Hakuona taa ya oili. Alisikia injini ikigonga, kisha ikakwama. Ndiyo ile mafundi wanasema, "Imenoki."

Kaya zilizokuwa kwenye foleni zilirudi kwenye jembe la mkono. Wengine walipanda katikati ya Januari. Mwezi wa Agosti niliwaona baadhi yao mnadani wakiuza mbuzi ili wanunue mahindi. Trekta lenyewe lilisimama misimu miwili chini ya mti, likisubiri fedha za krenki na beringi mpya. Kuku walitaga chini ya kiti cha dereva.

Kwa sababu ya filta.

SAFARI INAANZIA PENYE TREKTA

Usiende kituo cha basi kwanza. Nenda kwenye trekta, ukiwa na daftari, kalamu na kitambaa cha kufutia.

Watu wengi hufika dukani wakasema, "Naomba filta ya Massey." Muuzaji huuliza, "Massey gani, mzee?" Naye hujibu, "Ile nyekundu." Ndugu yangu, zote ni nyekundu! Kuna Massey Ferguson 135 ya zamani kutoka Uingereza. Kuna 240 na 385 zilizotengenezwa Pakistan. Kuna nyingine zilizotengenezwa India. Rangi moja, lakini injini si lazima ziwe moja. Na tusisahau matrekta mengine. Baada ya mwito wa Kilimo Kwanza wa mwaka 2009 yaliingia matrekta kama Farmtrac na New Holland. Baadaye yakaja Ursus ya Poland, yaliyounganishwa Kibaha. Kila moja na filta yake.

Kwa hiyo andika kwanza jina na namba ya aina ya trekta, kama ilivyo kwenye boneti. Lakini usiiamini boneti peke yake. Boneti ni bati, na bati hubadilishwa. Nimeona trekta lenye boneti ya 290 na injini ya kitu kingine kabisa.

Tafuta namba ya injini. Hugongwa kwenye chuma cha injini yenyewe, au kwenye kibati kidogo kilichopigiliwa ubavuni. Mara nyingi imefunikwa na grisi na udongo. Futa kwa kitambaa chenye dizeli kidogo mpaka ionekane. Kisha nakili kila herufi na kila tarakimu, moja baada ya nyingine, bila kuruka. Herufi zina maana. Kwa mfano, injini nyingi za Perkins zenye silinda tatu, aina inayoitwa AD3.152, huanza na herufi CE. Zile za silinda nne za aina ya 4.236 huanza na LD. Injini za zamani zaidi zimeandikwa kwa mtindo mwingine. Wewe usijali. Nakili kama ulivyoona, muuzaji atajua.

Angalia vizuri 8 isiwe 3, na 5 isiwe S. Ukimaliza, mpe mwenzako asome kwenye chuma wakati wewe unafuatisha kwenye daftari. Katika kikundi kimoja ninachokitembelea, kazi hii anaifanya katibu wao, bibi mwenye wajukuu, aliyejifunza kusoma ukubwani. Anasoma tarakimu kwa sauti, polepole, akiwa na kidole juu ya chuma. Vijana waliomaliza shule wamekosea namba ile mara mbili. Yeye hajakosea. Vijana wanasoma haraka mno.

Kama una simu yenye kamera, piga picha ya kibati hicho. Piga na picha ya mahali filta inapokaa. Lakini andika pia kwenye daftari. Simu huisha chaji.

Sasa itazame filta ya zamani. Ziko za namna mbili, na hapa wengi wanachanganyikiwa.

Namna ya kwanza ni kopo la chuma linalofungwa lote zima kwa kuzungushwa. Ukibadilisha, unatupa kopo zima. Namna ya pili ni ya zamani zaidi. Kuna bakuli la chuma lenye bolti ndefu katikati. Ukifungua bolti, bakuli linashuka, na ndani yake unakuta chujio la karatasi. Unatupa karatasi tu. Bakuli unalisafisha na kulirudisha, pamoja na mpira mpya wa duara wa kuziba ukingoni. Land Rover za zamani zilikuwa hivyo, na Massey 135 nyingi pia.

Kumbuka jambo moja. Baadhi ya wenye matrekta ya zamani waliondoa bakuli wakafunga kichwa kipya ili watumie filta ya kopo. Kwa hiyo matrekta mawili ya 135 yanaweza kusimama pamoja, moja linataka karatasi na jingine linataka kopo. Hakuna kitabu kitakachokuambia la kwako ni lipi. Macho yako ndiyo yatakuambia.

Tena, usilete filta ya dizeli ukidhani ni ya oili. Fuata mabomba. Filta ya dizeli imeungwa na mabomba membamba yanayotoka kwenye tangi na kwenda kwenye pampu ya nozeli. Filta ya oili imekaa kwenye ubavu wa injini yenyewe, na ukiigusa vidole vinakuwa vyeusi.

Kama injini inaweza kusimama siku hiyo, fungua filta ya zamani, imwage oili, ifunge kwenye mfuko wa plastiki na usafiri nayo. Ziba tundu la injini kwa kitambaa safi ili vumbi lisiingie. Na uandike kwenye karatasi, uibandike kwenye usukani: HAINA FILTA. USIWASHE. Watu wa kijijini hupenda kujaribu ufunguo.

NJIANI

Ukitoka upande wa Migoli unaacha nyuma bwawa la Mtera na harufu ya samaki wanaokaushwa. Unapita Izazi kwenye mibuyu mikubwa. Nchi hii ya chini ni ya joto, na udongo wake hupaa kwa upepo kidogo tu. Kisha gari linapanda Nyang'oro. Wazee wanakumbuka mlima huu ulipokuwa wa vumbi na mawe, na lori lililoharibika lingeweza kulala hapo hata siku mbili. Sasa ni lami, na basi linapanda likizunguka kona moja baada ya nyingine. Tazama dirishani upande wa nyuma, utaona bonde lote la Mtera limelala chini yako.

Juu ya mlima hewa inabadilika. Hapa ndipo Isimani penyewe, nchi pana ya mashamba. Mwezi wa Oktoba ni ya rangi ya majivu, mabua ya mwaka jana na ng'ombe wanaotafuta chochote. Mwezi wa Februari, mwaka wa mvua njema, ni kijani mpaka macho yachoke. Ukipita tazama mashamba yaliyolimwa mapema na yaliyochelewa. Hutahitaji kuuliza. Unaona mahindi ya kiuno hapa, na ya goti ng'ambo ya njia, mvua ile ile.

Mbele kuna Nduli, penye uwanja wa ndege. Halafu Kihesa, nyumba zinakuwa nyingi, na baridi unaisikia kweli. Vaa sweta, hasa Juni na Julai. Mji wa Iringa umekaa juu ya kilima, na chini yake unapita Ruaha Mdogo. Jiwe kubwa unaloliona juu ya mji ni Gangilonga, maana yake jiwe linalosema. Inasimuliwa kwamba Mtwa Mkwawa alikuwa akienda pale kutafakari.

Ukifika mapema na duka halijafunguliwa, kuna jengo la Boma la enzi za Wajerumani, ambalo tangu mwaka 2016 ni makumbusho. Nenda ukaone. Lakini kama ni msimu wa ulanzi, mambo ya ulanzi yaache mpaka filta iwe mkononi. Nimemwona mtu mzima akirudi kijijini na kofia mpya, bila filta.

DUKANI

Maduka ya spea yako mitaa ya katikati ya mji, jirani na soko. Mengine yako Ipogolo, chini bondeni, kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Zambia ambako malori hupita usiku na mchana. Mafundi wa Ipogolo wanazijua injini kubwa. Ila wana haraka, na wamezoea malori. Ukienda kwao enda na namba yako, usiende na maelezo ya mdomo.

Ingia duka la kwanza, salimia, na weka juu ya meza vitu vyako: filta ya zamani, daftari na picha. Muuzaji mzuri hatakimbilia rafu. Atasoma namba. Ana kitabu au kompyuta ya kulinganisha namba, kwa sababu filta moja hutengenezwa na viwanda vingi, na kila kiwanda kina namba yake. Kwa hiyo usishtuke ukiambiwa namba nyingine na ile iliyo kwenye filta yako. Sema tu, "Naomba nione zinavyolingana." Akuoneshe kwa kidole namba ya zamani na namba mpya katika mstari mmoja. Wewe unajua kusoma, soma mwenyewe.

Lakini hapa tuulizane. Je, hiyo filta ya zamani ndiyo iliyo sahihi? Labda na yenyewe iliwekwa kwa kubahatisha. Ndiyo maana tulinakili namba ya injini. Kama namba ya injini na namba ya filta ya zamani zinakupeleka kwenye filta moja, vizuri. Kama zinakupeleka kwenye filta mbili tofauti, simama hapo. Fuata injini. Na muulize muuzaji na fundi mwingine kabla ya kutoa fedha.

Sasa weka filta mpya na ya zamani pamoja. Kwanza pima mpira wa mdomoni. Ule mpira wa duara ndio unaoziba oili isivuje. Toa mpira wa ile ya zamani, uweke juu ya ule mpya. Uenee sawasawa, nje na ndani. Mpira mdogo au mkubwa kwa upana wa ukucha tu hautakaa mahali pake penye injini.

Halafu tundu lenye meno. Hapa ndipo kijiji kile kilipoumia. Katika maduka kuna matundu ya aina mbili ambayo kwa macho yanafanana kabisa. Moja ni la robo tatu ya inchi, yaani milimita 19 na kidogo. Jingine ni la milimita 20. Tofauti yake ni ndogo kuliko unene wa sarafu. Filta ya milimita 20 ukiifunga kwenye chuma cha robo tatu ya inchi itaingia, lakini meno yanashikana kwa ncha tu. Ukikaza kwa mkono unaona imekaza. Injini ikipata moto, na oili ikisukuma kwa nguvu, meno yanaachia.

Utajuaje? Tafuta kwa fundi bolti inayoingia vizuri katika filta ya zamani, ambayo umehakikisha ni sahihi. Jaribu bolti hiyo hiyo katika filta mpya. Iingie kwa vidole bila kulazimisha, na ikiwa ndani usiweze kuitikisa huku na huku. Ikicheza, irudishe filta kwenye rafu. Muuzaji akisema, "Ukikaza itashika tu, mama," mwambie asante na uende duka la pili.

Tazama pia urefu na unene. Filta ndefu kuliko ya zamani inaweza kugusa chuma kingine cha trekta na kutobolewa na mtikisiko. Filta fupi ina karatasi kidogo, na hujaa uchafu mapema.

Kuna kitu kimoja huwezi kukiona kwa macho. Ndani ya filta nyingi kuna vali yenye springi. Fikiria mfereji wa maji kule Pawaga. Takataka zikiziba njia, maji yanatafuta pa kupita, na mkulima mwerevu ameweka mlango wa pembeni ili banio lisibomoke. Vali ile ni mlango wa pembeni. Karatasi ikiziba, au asubuhi oili ikiwa nzito kwa baridi, vali hufunguka na oili hupita bila kuchujwa. Ni afadhali oili chafu kuliko kukosa oili. Lakini kila injini inataka mlango wake ufunguke kwa nguvu fulani. Filta mbili zinaweza kufanana mpira, meno na urefu, na vali zikatofautiana. Hilo linajulikana kwa namba peke yake. Kwa hiyo anayekuambia kwamba kulinganisha kwa macho kunatosha amekupa nusu ya habari.

FILTA FEKI

Filta za bandia zipo, na huuzwa katika boksi zuri. Soma maandishi ya boksi polepole. Maandishi ya bandia mara nyingi yana herufi iliyokosewa au wino uliopaka. Namba ya kwenye boksi iwe ile ile ya kwenye kopo. Chungulia tunduni: karatasi iwe imekunjwa sawasawa, isiwe imelala upande mmoja. Kama filta yako ya zamani ina mpira laini ndani ya vile vitundu vidogo, mpya nayo iwe nao. Mpira huo huzuia oili isirudi chini injini inapozimwa.

Dalili hizo husaidia, lakini bandia iliyotengenezwa kwa ustadi inaweza kukupita hata ukiwa na macho ya tai. Kinga kubwa ni duka. Nunua kwa mtu mwenye mlango na jina, ambaye mwezi ujao utamkuta palepale. Dai risiti ya mashine ya EFD. Risiti hiyo ndiyo ushahidi wako ukitaka kurudisha mali, au ukitaka kupeleka malalamiko Tume ya Ushindani, ambayo kazi yake mojawapo ni kupambana na bidhaa bandia. Anayeuza barabarani kwenye mkeka hana risiti. Na bei ikiwa nusu ya maduka mengine yote, jiulize nani amelipia nusu nyingine.

Mwenye pick-up au gari dogo afanye hayo hayo. Kwa magari yaliyotumika kutoka Japan, duka litataka namba ya chesesi iliyo kwenye kibati ndani ya boneti. Inakili nzima.

Kama fedha za kikundi zinatosha, nunua filta mbili za aina moja. Safari ya Iringa mwezi wa Desemba ni siku nzima, na siku moja ya Desemba ni shamba la mtu.

KUIFUNGA

Ukirudi nyumbani usifunge usiku kwa mwanga wa simu. Subiri asubuhi.

Futa mahali filta inapokaa. Hakikisha mpira wa zamani haukubaki umeng'ang'ania kwenye chuma. Hubaki mara nyingi. Mipira miwili ikipandana, oili itaruka nje mara injini inapoanza. Paka oili safi kidogo kwenye mpira mpya kwa kidole. Zungusha filta kwa mkono mpaka mpira uguse chuma. Kisha ongeza robo tatu ya mzunguko, kwa mkono, au kama ilivyoandikwa ubavuni mwa filta. Usitumie spana kukaza. Spana ya filta ni ya kufungulia.

Oili nayo ibadilishwe siku hiyo hiyo. Tia kiasi kilichotajwa katika kitabu cha trekta. Washa injini bila kukanyaga mafuta. Taa ya oili izime, au mshale wa geji upande, katika sekunde chache. Visipofanya hivyo, zima mara moja. Inama utazame kama inavuja. Zima, subiri dakika chache, pima kwa kijiti, ongeza kilichopungua. Filta mpya hunywa oili yake, kwa hiyo kupungua kidogo si ajabu.

Filta ya zamani usiioshe kwa petroli na kuirudisha, hata kama jirani anasema alifanya hivyo na trekta lake linatembea. Karatasi ile ikioshwa hupasuka ndani, na huoni. Lakini usiitupe kabla ya kuisoma. Ndiyo, inasomeka! Ikate kopo kwa msumeno wa chuma, toa karatasi, ifungue juani juu ya bati. Weusi ni masizi, hiyo ni kawaida. Chembe zinazometameta kama shaba au fedha ni habari nyingine. Zikiwa nyingi, beringi zinalika. Chembe zilizotoka kwenye msumeno wako utazijua, ziko ukingoni. Ukiona za katikati ya mikunjo, mwite fundi kabla mvua haijaanza.

Oili chafu iweke katika dumu lenye kifuniko. Usiimwage karibu na kisima wala mtoni.

Mwisho chukua rangi au kalamu ya wino mzito. Andika juu ya filta mpya tarehe, na saa za injini kama zinavyosomeka kwenye mita. Kitabu cha trekta kinasema ibadilishwe baada ya saa ngapi. Kwa matrekta mengi ya zamani ni kati ya saa 100 na 250, na kwa vumbi la Isimani mimi nachagua iliyo ndogo. Namba ya filta iandikeni kwenye daftari la kikundi, ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa. Na daftari asikae nalo dereva peke yake.

Basi la kutoka Migoli hupita asubuhi mapema. Likikukuta bado hujafuta grisi kwenye kibati cha injini, liache liende. Panda la kesho.